Ngome Haisimulii Yote

Mgeni azuruye mji wa Lewes, katika Sussex Mashariki kusini mwa Uingereza, huvutwa kwanza na ngome. Imesimama juu ya kilima, nyumba zikitelemka chini yake kuelekea bonde la mto Ouse. Aghalabu mgeni hulipa kiingilio, hupanda ngazi, hupiga picha, kisha hushika njia ya stesheni. Mgeni huyo ameona mawe, mji hajauona.

Ngome hiyo ilianzishwa na William de Warenne, kabaila wa Kinormani, baada ya uvamizi wa mwaka 1066. Ilikuwa alama ya kuwatiisha wenyeji. Hata hivyo, historia ya Lewes si ya watawala pekee. Mnamo tarehe 14 Mei 1264, Simon de Montfort alimshinda Mfalme Henry wa Tatu papo hapo. Kati ya 1555 na 1557, Waprotestanti 17 walichomwa moto mjini humo kwa ajili ya imani yao. Aidha, kuanzia 1768 hadi 1774 aliishi humo ofisa wa ushuru, Thomas Paine, ambaye baadaye kalamu yake ilitetea uhuru wa Marekani.

Kwa mwanaisimu, hazina kubwa zaidi imo vichochoroni. Vijia vyembamba vinavyotelemka kutoka barabara kuu huitwa twitten, neno la lahaja ya Sussex. Kiingereza sanifu kinaweza kuishi bila neno hilo, lakini wenyeji hawajalitupa.

Wapo watakaodai kwamba ni kiingilio cha ngome kinachosaidia kuhifadhi historia. Dai hilo lina ukweli, ila fedha hukarabati ukuta tu. Neno halina bawabu wala tikiti. Likikosa wa kulitamka, hakuna mwashi awezaye kulisimamisha tena.

Funzo hili halikomei Uingereza. Mombasa ina Fort Jesus, na Lamu ina ngome yake. Zote mbili zinatunzwa na kuzuriwa. Je, Kimvita na Kiamu vina walinzi wangapi? Msomi wa Kiswahili apandaye ngome na kushuka bila kusikiliza lahaja ya waliomo vichochoroni hana tofauti na yule mgeni wa Lewes. Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya mji haimo katika mawe peke yake.