Baridi ya Alfajiri na Mavazi ya Wanaume Wetu



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi vijana wanafunzi, leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi mtaliona dogo, nalo ni sweta. Naam, sweta, koti, soksi na kofia ya sufi. Mtu akikuuliza kama Uganda kuna baridi utamcheka, kwani Jinja ipo jirani kabisa na mstari wa ikweta na theluji tunaiona kwenye picha tu. Lakini aliyewahi kutoka nyumbani kwake hapa Budondo saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, akapita njia ya kando ya Mto Nile wakati ukungu umelala juu ya maji na majani ya miwa yanadondosha umande, huyo hacheki. Tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 16 au 17. Kwa mtu wa Ulaya hiyo ni hali nzuri ya kutembea. Kwa mtoto aliyevaa kanzu moja nyepesi, miguu mitupu ndani ya kandambili, tena kichwa chake bado kina maji ya udhu, hiyo ni baridi.

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili asije mtu akadhani nawahutubia wengine.

Miaka michache iliyopita, katika msimu wa mvua, mvulana wa miaka kama kumi na moja alikuja kwenye darasa letu la alfajiri akiwa amevaa sweta ya waridi yenye maua kifuani. Ilikuwa ya dada yake, hilo lilionekana wazi. Wenzake wakaanza kucheka. Mimi, badala ya kuwanyamazisha, nikasimama nikatoa darasa zima kuhusu wanaume kujifananisha na wanawake, kisha nikamwambia aivue. Akaivua. Akakaa na kanzu yake iliyolowa upindo, anatetemeka, anasoma Juzuu Amma. Na mimi niliyekuwa nasomesha nilikuwa nimevaa koti zito la sufi juu ya kanzu.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Baada ya wiki moja alikuja mama yake. Nilidhani amekuja kulalamika, nikajiandaa kwa dalili zangu. Kumbe alikuja kuomba. Akasema, "Maalim, naomba umvumilie kidogo, nikiuza mahindi nitamnunulia sweta ya kiume."

Sikuwa na jibu. Mtoto yule hajabaleghe, hakukusudia kujifananisha na yeyote, alikusudia kutoganda njiani. Hukumu niliyoitaja ni ya kweli, lakini niliiweka mahali ambapo si pake, na matokeo yake mtoto akakosa Qur'ani siku tisa. Alirudi na jaketi la mtu mzima, mikono imekunjwa mara mbili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo hili la mavazi ya baridi kwa wanaume, na nimegundua kwamba tunalo tatizo ambalo hatulisemi.

Tatizo lenyewe ni kwamba wanawake wetu, Alhamdulillah, wana shuka, mtandio na jilbabu, na mama akimwona binti yake anatetemeka humfunika. Mwanamume anaambiwa avumilie. Baba ananunua kanzu ya Idd inayong'aa, ya kitambaa chepesi cha plastiki ambacho hakizuii upepo hata kidogo, na sweta haimo katika hesabu kabisa. Kijana akijifunika shingo anaambiwa amekuwa bibi arusi.

Wapo pia wanaoifanya baridi kuwa ibada. Mtu anakwambia kutia udhu kwa maji ya baridi kuna thawabu, kwa hiyo usipashe maji moto. Ndugu yangu, ni kweli imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w) kwamba kukamilisha udhu wakati wa tabu ni katika mambo yanayofuta madhambi. Lakini wanazuoni wameeleza kwamba hiyo ni tabu inayokukuta, si tabu unayoitafuta. Mwenye kuni na sufuria apashe maji yake. Katika Sura An-Nahl Allah anatukumbusha neema zake, na miongoni mwa anazozitaja ni joto tunalolipata kutokana na wanyama wa mifugo. Sasa ikiwa joto la sufi limehesabiwa kuwa neema, mbona sisi tunaliona ni udhaifu?

Na Mtume (s.a.w) mwenyewe alivaa. Al-Mughira bin Shu'ba (r.a) amesimulia kwamba katika safari moja Mtume alikuwa amevaa juba lenye mikono myembamba, kiasi kwamba alipotaka kutia udhu mikono haikukunjika, ikabidi aitoe kwa chini. Baadhi ya riwaya zinasema lilikuwa juba la Sham. Yaani nguo iliyoshonwa kwa mtindo wa watu wengine, nchi ya mbali, naye hakuona ubaya wa kuivaa. Nawakumbusha hili wazee wangu wa safu ya kwanza ambao kila wakimwona kijana na sweta la kofia wanasema ni vazi la makafiri. Koti tunalolivaa juu ya kanzu hapa Uganda, tukaliona ni heshima ya Kiislamu, nalo limetoka wapi? Kanzu ililetwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliofika Buganda katika karne ya 19, na koti tulilichukua kwa Waingereza. Leo kanzu na koti ni vazi la heshima la Mganda na la Msoga, Mwislamu na asiye Mwislamu, na hakuna posa inayokwenda bila hayo.

Kwa hiyo naomba tukubaliane kwamba koti zuri juu ya kanzu ndilo vazi letu la baridi, na ni vazi linalopendeza. Sioni haya kusema linapendeza. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w) kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, akajibiwa kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kupenda kupendeza hakujaitwa kibri hapo. Kilichoitwa kibri kinafanana zaidi na kile nilichokifanya mimi darasani siku ile.

Sasa tuje sokoni. Wengi wetu tunavaa mitumba, au mivumba kama tunavyosema huku, na hakuna aibu. Agosti 2023 Rais Museveni alipokuwa Mbale kwenye eneo la viwanda la Sino-Uganda, alitangaza vita dhidi ya nguo hizo, akasema ni nguo za wazungu waliokufa. Nguo ziliendelea kuuzwa, na watu waliendelea kununua. Mimi ningependa tuvae nguo zetu wenyewe. Mji wetu wa Jinja ulijulikana kwa nguo, kiwanda cha Nytil kilianzishwa hapa katika miaka ya 1950 na wazee wetu wengine walifanya kazi humo. Lakini mama anayesubiri kuuza mahindi hawezi kungoja siasa ya viwanda. Ananunua kilichopo.

Basi tujue kununua. Nguo ya sufi halisi hubaki na joto hata ikipata unyevu, ndiyo maana inafaa kwa asubuhi zetu za ukungu. Pamba ikilowa hunata mwilini na kukuongezea baridi. Na kinachotia joto zaidi ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, kwa hiyo fulana, kisha sweta nyepesi, kisha koti, ni bora kuliko jaketi moja nene ambalo kufika saa nne utalibeba begani kama mgonjwa. Siku zetu huanza na baridi na kuishia na jua kali, hatuhitaji yale majaketi ya manyoya ya bata yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji. Waachieni vijana wa boda boda, wao wanajua kuyatumia, hata huyavaa nyuma mbele ili upepo usiingie kifuani. Sufi usiifue kwa maji ya moto, itamtosha mdogo wako.

Mambo ya dini katika mitumba ni machache lakini ni ya kuangaliwa. Soma maandishi. Nimewahi kuswali nyuma ya kijana ambaye mgongoni ametangaza bia, na yeye masikini hajui, alipenda rangi. Tazama lebo ya skafu na tai, ikiwa ni hariri halisi hiyo ni ya wanawake, ama ile inayong'aa tu bila kuwa hariri haina neno. Na tazama bitana ya viatu na ya majaketi ya ngozi. Ngozi ya nguruwe hutumika sana ndani ya viatu, na ukiichunguza utaona vitundu vya nywele vitatu vitatu kwa pamoja. Katika madhehebu yetu ya Shafi haitwahiriki hata ikitengenezwa kiwandani. Kisha fua kila kitu kabla hujavaa, hilo hata bila fiqhi linajulikana.

Kuhusu soksi nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi, hasa walioko Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Mbale, ambako upepo wa Wanale ukishuka usiku hauna huruma. Kupaka maji juu ya khofu ni ruhusa iliyothibiti, tena inatoka katika hadithi ile ile ya Al-Mughira. Mkazi ana mchana mmoja na usiku wake, msafiri ana siku tatu. Sharti uwe umezivaa ukiwa na udhu kamili, zifunike vifundo vya miguu, na ziwe imara kiasi cha kutembelea. Soksi nyepesi za nailoni zinazoonyesha ngozi hazitoshi kwetu sisi Mashafi. Mahanbali wameruhusu soksi nzito. Asiye na khofu aoshe miguu yake, akaushe kwa kitambaa, kisha avae soksi. Wengi wanavaa soksi juu ya miguu yenye maji halafu wanashangaa kwa nini wanaumwa.

Yupo mwanafunzi wetu wa zamani aliyekwenda kusoma Uturuki. Alituandikia kwamba majira yake ya kwanza ya theluji yalimfundisha jambo moja: hakuwahi kumiliki nguo ya ndani ya mikono mirefu maishani mwake, na hakujua kwamba alikuwa akihisi baridi tangu utotoni. Alidhani ndivyo alfajiri ilivyo.

Wazazi, hesabuni tena nguo za Idd. Kanzu ya bei ya chini kidogo na sweta moja ni bora kwa mvulana kuliko kanzu ya bei kubwa peke yake. Rangi nyeusi, kahawia au ya majani mabichi iliyokolea huenda na kanzu nyeupe na haionyeshi uchafu haraka. Mnunulieni inayomkaa vizuri, si ya kukulia miaka minne. Mvulana wa miaka kumi na mbili anajitazama kwenye kioo kama nyinyi mlivyojitazama, na akiona amevaa gunia atatafuta sababu ya kutokuja msikitini. Vijana wakubwa nao waache kuja Alfajiri na fulana isiyo na mikono eti kifua kionekane.

Pale madrasa tumepigilia misumari sita ukutani, nyuma ya mlango. Mtoto akifika amelowa au hana kitu cha kuvaa anachukua sweta, anavaa, anairudisha akimaliza, na hakuna anayemuuliza. Hadi leo sweta zipo nne, mbili zina vifungo vilivyopotea. Aliye na sweta ya mvulana iliyombana mwanawe ailete Ijumaa baada ya swala, ikiwa imefuliwa. Rangi yoyote tunapokea.

Wabillahi tawfiq.