Paka nje, upepo ndani

Msomaji wangu, umewahi kulala Mombasa mwezi wa Februari katika chumba chenye dirisha moja, mlango ukiwa umefungwa? Kama hujawahi, usiombe. Shuka hulowa jasho kabla ya saa tano za usiku, na mto huwa kama umetoka jikoni. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na usiku halishuki sana. Linalotutesa zaidi ni fukuto, ule unyevu wa baharini unaofanya jasho likatae kukauka mwilini.

Nyumbani kwangu joto hilo nusura litugombanishe, na kisa chenyewe kilikuwa paka.

Tunaishi Tudor, ghorofa ya pili, vyumba vitatu vya kulala na sebule. Mama mkwe alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Alikuja na sanduku moja, msala wake na paka wa rangi ya majivu ambaye yeye humwita Nyau tu. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka sita, ana pumu. Alipobanwa na kifua mara mbili katika mwezi mmoja, daktari alituuliza kama tuna mnyama ndani ya nyumba. Tulipomjibu, alisema kwamba ingefaa zaidi paka atafutiwe makao kwingine, na kama haiwezekani, basi asitie mguu katika chumba anacholala mtoto.

Wengi wetu hudhani ni manyoya ya paka yanayoleta balaa. Sivyo. Kinachowasumbua wenye pumu ni protini iliyo katika mate na ngozi ya paka. Anapojilamba huipaka mwilini, ikikauka huruka hewani katika chembe ndogo mno, kisha hutua juu ya godoro, mapazia na nguo. Hata paka akiondolewa, chembe hizo zaweza kukaa nyumbani miezi kadhaa.

Basi tukafunga mlango wa watoto. Usiku wa kwanza chumba kiligeuka tanuri. Usiku wa pili kaka mtu, ambaye ana miaka kumi, aliinuka usiku wa manane akaufungua apate hewa. Asubuhi nilimkuta Nyau amejikunja miguuni mwa mgonjwa wetu. Usiku uliofuata tulikuwa hospitalini, mtoto akivuta dawa kupitia barakoa.

Tuliporudi, mume wangu alisema waziwazi kwamba paka lazima aondoke. Mama alikuwa amekaa jikoni akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Mwanangu," akasema, "huyo nyau ndiye aliyesalia wa nyumba yangu. Mkimtoa yeye, nipakieni na mimi."

Hakuna aliyemjibu. Ungemjibu nini mama kama huyo? Mjukuu anampenda kama mboni ya jicho lake, na alikuwa ndiye aliyemfunga kanga na kumshusha ngazini usiku ule. Jioni nilipomwandalia chai, aliniita.

"Lakini mbona mnafunga upepo? Sisi Mji wa Kale hatukuwa tukifunga upepo. Tulikuwa tukifunga njia."

Maneno hayo yalinifungua macho. Nyumba za kale za Mombasa na Lamu zilijengwa na watu waliolijua joto. Kuta nene za mawe ya matumbawe huchelewa kupata moto. Dari ziko juu, na hewa moto hupanda huko ikawaacha watu chini na afueni. Madirisha yana vibao vilivyoinamishwa, hivi kwamba upepo hupita lakini jua, na macho ya wapita njia, hubaki nje. Waliojenga hivyo walijua kwamba si lazima mtu achague kati ya mlango wazi na mlango uliofungwa.

Nilimwita seremala wa mtaani. Alitengeneza fremu nyepesi ya mbao, akaitia bawaba upande wa nje wa fremu ya mlango ili mlango wa zamani ubaki ulivyo. Hapo mwenye nyumba hana la kulalamikia, kwani tukihama twaweza kuung'oa. Fremu yote aliivika wavu wa mbu. Nusu ya chini aliongeza wavu wa kuku, kwa kuwa kucha za paka huuchana wavu laini kwa siku chache tu. Mwishowe alitia komeo na springi. Springi ndiyo muhimu, maana watoto husahau kufunga, na paka hasahau kuingia.

Kumbuka pia, ndugu msomaji, kwamba kichwa cha paka kikipenya, mwili nao hufuata. Kwa hiyo usiache mwanya chini ya mlango. Na kama kuna matundu ya hewa juu ya mlango na kabati liko karibu, yazibe kwa wavu. Paka mzima hupanda kabati bila shida.

Hata hivyo, wavu humzuia paka tu, hauzuii zile chembe zinazoelea. Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Upepo unaelekea wapi? Ukitoka sebuleni anakolala paka na kuingia chumbani, utamletea mtoto kila kilichoko huko. Ukiingia kwa dirisha na kutokea mlangoni, hewa safi ya nje itakuwa ikizisukuma chembe kuelekea sebuleni.

Kujua ni rahisi. Funga uzi mwembamba kwenye wavu wa mlango, fungua dirisha, utazame uzi unapepea upande gani. Dirisha la wanangu linaelekea kaskazini mashariki, na huko ndiko unakotoka upepo wa Kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kwa hivyo mambo yalitunyookea. Lakini Kusi ikianza kuvuma mwezi wa Aprili, huenda uzi ukageuka. Wakati huo feni huwekwa dirishani ikitazama ndani, ivute hewa ya nje na kuisukumia mlangoni.

Nikitaja feni, niseme na hili. Feni haipoozi chumba, hupooza ngozi kwa kukausha jasho. Kuiacha ikizunguka chumbani bila mtu ni kupoteza umeme bure. Nako kutundika shuka mbichi dirishani, ambako watu husaidika nako sehemu kavu kama Lodwar na Garissa, hapa Pwani hakuna faida kubwa, kwa sababu hewa yenyewe tayari imejaa maji.

Cha kufaa zaidi ni kuzuia joto lisiingie. Mchana, funga mapazia ya upande unaopigwa na jua, hasa magharibi, kisha fungua kila kitu jua likizama. Mwenye paa la mabati alipake rangi nyeupe na aweke dari chini yake. Wakazi wa Nairobi wana bahati, kwani hata miezi ya joto usiku wao hupoa, na dirisha likiachwa wazi saa mbili kabla ya kulala, hutosha. Kisumu, upepo wa mchana hutoka ziwani na wa usiku hutoka nchi kavu, hivyo jaribio la uzi lifanywe usiku, si mchana.

Dirisha wazi ni mwaliko kwa mbu. Tumia neti, wala usichome dawa ya mbu chumbani mwa mwenye pumu. Moshi ule, pamoja na udi tunaoupenda sana, waweza kumbana kifua vibaya kuliko paka. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, na anayembeba paka abadilishe nguo kabla ya kumkumbatia mtoto. Mama mkwe analo dera maalumu la kukaa na Nyau wake, na hajachoka kulivua.

Sitaki mtu aseme kwamba nimewashauri muuze dawa mnunue wavu. Kijibomba cha dawa bado kiko kando ya kitanda, na kliniki tunahudhuria. Daktari naye ametuambia bila kuficha kwamba kifua kikianza kumbana tena, itabidi tulizungumze suala la paka upya. Mama alikuwepo, akasikia, akaitikia kwa kichwa.

Lakini tangu mlango huo uwekwe, wiki saba sasa, hatujarudi hospitalini usiku. Watoto wanalala. Na jioni, kabla ya taa kuzimwa, mdogo huchuchumaa upande wake wa wavu akamwambia Nyau "lala salama", naye Nyau huketi upande wake, mkia umezungushwa miguuni, akimtazama. Mama husimama nyuma yao na tasbihi mkononi, akingoja wamalizane.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia usingizi wa ubaridi.