Nagona haihitaji mkalimani

Mwandishi wa makala ya juma lililopita anatushauri tusisome Nagona ya Euphrase Kezilahabi kwenye vikundi vya wasomaji. Eti riwaya ya 1990 iliyojaa ndoto haina faida kwa watu wasio na mwongozo wa mhadhiri. Watabaki kubahatisha tu.

Kubahatisha kuna ubaya gani? Kitendawili hutegwa mbele ya watu, na anayekosea hatolewi nje.

Nakubaliana naye kwa jambo moja: vipo vikundi vinavyokimbilia kupachika maana. Ukurasa wa pili tu, mtu keshatangaza kwamba Nagona ni ukweli, mwingine ni uhuru, mjadala ukafa hapo hapo. Dawa yake ni ndogo. Soma kwa sauti, kisha uliza kwanza kimetokea nini: nani kaingia, nani kasema, nani katoweka. Hapo mwalimu mstaafu atawatambua wanafalsafa Socrates na Nietzsche ndani ya hadithi. Fundi cherehani, asiyewajua hao, atauliza mbona wazee wote hawa wanaongea bila kusikilizana. Swali hilo ndilo lenye uzito, nalo halikutoka darasani.

Tena kitabu chenyewe hakifiki kurasa mia. Aliyemaliza Rosa Mistika na Kichwamaji, riwaya nyingine za Kezilahabi, hatashindwa kukirudia mara mbili.

Miongozo isomwe, sina ugomvi nayo. Ila isomwe mwishoni, wakati kikundi kina hoja za kubishana nayo.