Kabla Gari Halijafika



Ndugu msomaji, Septemba 14, 2020 moto uliteketeza bweni la wavulana la Shule ya Msingi Byamungu Islamic, wilayani Kyerwa. Watoto 10 walifariki dunia na wengine wakajeruhiwa. Walikuwa watoto wadogo, ambao wazazi wao waliwapeleka wapate elimu ya dunia na ya akhera chini ya paa moja. Tunamwomba Allah (S.W.T.) awafanye kuwa shufaa kwa wazazi wao, na awape wazazi hao subira isiyokatika.

Siandiki ili kumtafuta wa kumlaumu. Naandika kwa sababu huku kwetu Karagwe na Kyerwa madrasa za bweni ni nyingi, na kila ninapopita mbele ya moja najiuliza: likitokea jambo usiku huu, nani atafika wa kwanza? Jibu halina siri. Atafika jirani aliyeamshwa na mayowe, akiwa na panga mkononi na kandambili miguuni. Namba ya Zimamoto ni 114, ya Polisi ni 112, na zote zipigwe bila kusita. Lakini kutoka Murongo au Kaisho hadi Bukoba mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na hata hospitali za karibu, kama Nyakahanga kwa upande wa Karagwe na Isingiro kwa upande wa Kyerwa, si za kufikiwa kwa dakika tano na mtu anayetoka kijijini juu ya kilima. Saa ile ya mwanzo ni yetu sisi tuliosimama pale.

Mkoa wetu umeliona hilo kwa macho. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, waliofika mwanzo ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika na 19 wakafariki. Kijana Majaliwa Jackson, mmoja wa wavuvi wale, alijulikana nchi nzima, na baadaye Serikali ikaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kabla ya siku ile alikuwa mvuvi wa dagaa tu.

Sasa niwasimulie jambo ambalo sijivunii. Mwaka juzi tulikuwa na walima, na mtoto wa miaka minne hivi alijikwaa akaangukia sufuria ya chai ya maziwa iliyotoka kuepuliwa. Mkono wa kulia na sehemu ya kifua viliungua. Mimi ndiye katibu, simu iko mkononi, watu wote wananitazama. Nikaanza kupiga simu kutafuta gari. Mama mmoja, kwa huruma kabisa, akaleta dawa ya meno akampaka. Gari lilikuja baada ya dakika ishirini na tano. Tulipofika, muuguzi alilazimika kwanza kuikwangua ile dawa ya meno, na kilio cha mtoto yule sijakisahau. Kisha akauliza kwa upole, “Kwani maji hamkuwa nayo?” Tulikuwa nayo. Uani palikuwa na mapipa mawili yaliyojaa, ya kuoshea vyombo na kutilia udhu. Mtoto amepona, alhamdulillah, ila ana kovu toka kwenye kiwiko hadi begani, na kila Ijumaa namwona safu ya nyuma na baba yake.

Kwa hiyo nitakaa kidogo kwenye habari ya kuungua, maana ndiyo inayotukuta zaidi majumbani, na ndiyo ambayo maarifa madogo huleta tofauti kubwa.

Ngozi iliyoungua huendelea kuungua hata baada ya moto kuondolewa, kwa kuwa joto limebaki ndani ya nyama. Dawa ya kwanza ni kulitoa joto hilo kwa maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Dakika ishirini ni ndefu mtoto anapolia. Tazama saa, usikadirie. Najua mtasema bomba liko wapi. Dumu moja la lita 20 linatosha: mwingine ainamishe dumu taratibu au amwagie kwa kikombe, chini liwepo beseni safi, na maji yakiisha yachotwe humo humo yamwagwe tena. Kama hapakuwa na maji pale pale, yamwagwe mara yanapopatikana, kwani hata ndani ya saa tatu za mwanzo bado yanafaa. Nguo iliyolowa chai au uji ivuliwe upesi, kwa sababu imeshika joto. Iliyogandamana na ngozi iachwe, ikatwe pembeni yake. Bangili na pete zitolewe kabla mwili haujavimba. Milima yetu ina baridi, hasa usiku, basi poza jeraha lakini sehemu nyingine ya mwili wa mtoto ifunikwe blanketi. Baada ya hapo funika jeraha kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kama kanga iliyofuliwa, bila kukaza. Malengelenge yasipasuliwe.

Kila nyumba ina dawa yake: majivu, yai bichi, mafuta ya taa, unga. Hizi zote huleta uchafu na kulifungia joto ndani. Asali nataka niiseme peke yake, kwa sababu Muislamu akiambiwa asiitumie asali hushtuka. Asali ina shifaa kwa nassi ya Qur’an, na wataalamu nao wanaitumia katika kutibu vidonda. Lakini hiyo ni kazi ya siku zinazofuata, mikononi mwa mganga. Dakika za mwanzo ni za maji.

Mtu ambaye nguo zake zinawaka asikimbie. Upepo humzidishia moto. Mwangushe chini umviringishe, au mfunike kwa blanketi zito la pamba, si la nailoni. Bweni likijaa moshi, hewa inayovutika iko chini, karibu na sakafu, hivyo watoto wafundishwe kutambaa. Wafundishwe mchana, kwa mazoezi, taa zikiwa zimezimwa. Na mlango wa bweni usifungwe kwa nje usiku, wala madirisha yote yasiwekwe nondo zisizofunguka. Mtume (S.A.W.) alikwishatukataza kuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba tunapolala, na hadithi hiyo sababu yake ni nyumba iliyoungua usiku mjini Madina ikiwa na watu wake.

Damu nayo ina mafunzo ndani ya sira. Mtume (S.A.W.) alipojeruhiwa usoni siku ya Uhud, Bi Fatma (R.A.) alimwosha damu huku Sayyidna Ali (R.A.) akimwagia maji kwa ngao. Alipoona maji hayaizuii, alichoma kipande cha jamvi akaweka majivu yake, damu ikakoma. Wapo wanaoishika hadithi hii na kukimbilia majivu ya jikoni. Nionavyo mimi, na Allah ndiye ajuaye zaidi, mazingatio ni kwamba Bi Fatma alitazama, akaona njia ya kwanza haifui dafu, akatafuta nyingine mpaka damu ikazuilika. Leo njia iliyo bora tunaijua: kitambaa safi, kiganja juu yake, na kukandamiza kwa nguvu moja kwa moja kwenye jeraha, dakika 10 bila kuinua kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza, usikitoe. Kama kuna kipande cha chuma au mti kimechomeka mwilini, usikichomoe. Kandamiza pembeni yake.

Linda mikono yako pia. Mkoa wa Kagera umepata mlipuko wa Marburg mara mbili ndani ya miaka michache, Machi 2023 wilayani Bukoba na Januari 2025 Biharamulo, na ugonjwa huo huambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili. Glavu zikikosekana, vaa mfuko wa nailoni. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini ile ya mkate haijatutupa. Kisha nawa kwa sabuni.

Barabara ya Omurushaka na njia zote za vumbi zinazopanda Nkwenda zina bodaboda, na bodaboda zina ajali. Nililolishuhudia mara nyingi ni hili: majeruhi ananyanyuliwa kwa kwapa na miguu, anapachikwa mshikaki kati ya dereva na mtu wa nyuma, kichwa kinaning’inia, wanaondoka mbio. Nia ni njema. Lakini aliyeumia shingo au mgongo anaweza kupooza kwa safari hiyo. Asimamishwe mtu wa kuzuia magari, majeruhi aachwe alipo ila kama kuna moto au hatari ya kugongwa tena, mmoja apige magoti na kushika kichwa chake kisitikisike, wengine watafute pikapu yenye nafasi ya kumlaza. Akibebwa, abebwe na watu wanne au watano kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka juu ya mlango au ubao. Habari ya PF3 isimcheleweshe. Majeruhi aende hospitali, na mtu mwingine aende kituo cha polisi.

Liko jambo linalotuzuia sisi Waislamu na halisemwi. Mwanamke ameanguka barabarani, wanaume wamemzunguka, kila mmoja anaogopa kumgusa ajinabi. Au mwanamume anatoka damu na dada aliyesomea uuguzi anasita. Wanazuoni wetu wameweka kanuni kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa, kwa kiasi cha dharura yenyewe. Bi Rubayyi bint Muawwidh (R.A.) amepokea kwamba wao wanawake walitoka na Mtume (S.A.W.) vitani wakinywesha maji na kutibu majeruhi. Bi Rufaida al-Aslamiyya (R.A.) alikuwa na hema la kutibia ndani ya Msikiti wa Mtume, na Saad bin Muadh (R.A.) alitibiwa humo alipojeruhiwa vita vya Khandaq. Gusa, okoa, kisha msitiri kwa kanga na waondoe wenye simu za kupiga picha. Hata mwenye kuswali, akisikia kilio cha anayezama au anayeungua na ana uwezo wa kumwokoa, huikata swala yake.

Mengine kwa ufupi, na tutayarudia inshallah. Aliyezimia lakini anapumua alazwe kwa ubavu, asinyweshwe kitu. Asiyepumua, weka viganja viwili katikati ya kifua chake, kandamiza kwa nguvu na haraka, kama mara mbili kila sekunde, mkipokezana mpaka msaada ufike. Mkubwa aliyepaliwa na hawezi kukohoa apigwe mara tano kati ya mabega, akiwa ameinama. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Kiungo kitulizwe, apelekwe hospitali. Mwenye kifafa asitiwe kijiko mdomoni. Ondoa moto na mawe karibu naye, na degedege likitulia mlaze ubavu. Povu lake haliambukizi, na kisomo kitamkuta akiwa hai. Mama mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini, namba 115 ni ya kuwatafutia usafiri bila malipo.

Baada ya kisa cha walima, kamati yetu ilinunua sanduku la huduma ya kwanza: bandeji, glavu, mkasi, shuka mbili nyeupe, tochi. Kulikuwa na mjadala. Mzee wetu mmoja aliuliza kama sadaka ya Ijumaa ifae kununulia bandeji, imamu akamjibu kwa kumkumbusha aya ya 32 ya Suratul Maidah, inayozungumzia kuihuisha nafsi moja. Akaridhika, lakini akarudi wiki iliyofuata na swali lingine: kwa nini sanduku lina kufuli, na ufunguo anao katibu, na katibu anaishi ng’ambo ya bonde?

Sikuwa na jibu. Sanduku sasa liko nyuma ya mlango wa kina mama, halina kufuli, na juu yake kuna dumu la maji linalojazwa kila baada ya swala ya Isha. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya Dhuhr, muuguzi wa zahanati ya jirani huja kutufundisha. Mwezi uliopita walikuja wanawake 31 na wanaume 9, na mimi nikiwa wa kumi kwa kuchelewa.