Picha hazijapotea, anwani ndiyo imebadilika

Gazeti la mtandaoni likibadilisha jina la tovuti yake, picha za habari za zamani mara nyingi hazionekani tena. Wengi husema zimepotea. Sivyo. Kwenye WordPress, faili za picha hubaki katika folda yao. Ila habari ingali inaziita kwa anwani ya zamani. Fundi achukue kwanza nakala ya hifadhidata, kisha abadilishe anwani hiyo kote kwa mara moja.

Lakini hili si jambo la fundi peke yake. Habari za mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 zikibaki bila picha, wakaaji wa Buhene, kandokando ya Goma, wataonyesha nini kuhusu nyumba zilizofunikwa na lava? Wakubwa wa magazeti wasiache anwani ya zamani kabla picha zote hazijarudi.