Tusiwakuze Watoto Kabla ya Wakati

Mama anapomwogesha bintiye wa miaka sita akaona nywele zimeota kinenani, au mwalimu wa darasa la kwanza anapogundua kwamba mtoto ana harufu ya kikwapa cha mtu mzima, mara nyingi maneno hutangulia maswali. Wako wasemao mtoto kachezewa. Wako wasemao karogwa. Na wako wasemao, nao ndio wa kuogopwa zaidi, kwamba mtoto huyo sasa ni mwari. Sisi tunasema kwamba hukumu zote hizo, zikitolewa kabla ya uchunguzi, ni dhuluma kwa mtoto, na hatuna budi kueleza sababu.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Mtoto afikapo umri wa miaka sita hadi minane hivi, tabaka la ndani la gamba la tezi hiyo huamka na kuanza kutoa homoni, hasa ile iitwayo DHEA. Wataalamu huliita jambo hilo adrenaki, nalo ni la kawaida kwa watoto wote. Kwa walio wengi hupita bila ya mtu kuona lolote. Lakini dalili zikijitokeza kabla ya miaka minane kwa msichana, au kabla ya miaka tisa kwa mvulana, yaani nywele za kinena na za kwapa, harufu ya jasho la kiutu uzima, ngozi ya mafuta na chunusi, hapo huhesabiwa kuwa zimewahi. Wasichana hupatwa na hali hii zaidi kuliko wavulana.

Jambo la kushika ni kwamba adrenaki si baleghe. Baleghe huendeshwa na amri itokayo katika ubongo kwenda kwenye ovari au korodani, na kwa msichana huonekana kwa kuota matiti na hatimaye hedhi. Mtoto aliyeamka tezi za adrenali peke yake hajavunja ungo. Yeye ni mtoto, na michezo yake ni ya kitoto.

Sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka tulifundishwa kwamba yatima hakabidhiwi mali yake mpaka afikie umri wa kuoa na ionekane kwake rushdi, yaani ukomavu wa akili. Ikiwa mali haitolewi kwa alama ya mwili peke yake, itakuwaje nafsi ya mtoto itolewe kwa alama hiyo? Na sheria nayo imesema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka mwaka 2016 kwamba ruhusa hiyo inakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Nywele za kwapa si cheti cha utu uzima.

Hata hivyo, kusema kwamba mtoto si mwari si kusema kwamba jambo hili lipuuzwe. Kuanzia miaka ya 1990, Daktari Lourdes Ibáñez na wenzake wa Barcelona, Hispania, waliwafuatilia wasichana waliowahi kuota nywele. Waliona kwamba baadhi yao, hasa waliozaliwa na uzito mdogo kisha wakanenepa kwa haraka, baadaye walikuwa na hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume nyingi kupita kiasi, na insulini ya juu, ambayo ni njia ya kuendea kisukari. Watafiti wa Kuopio, Ufini, nao waliwafuatilia watoto wa namna hiyo hadi utu uzima, na habari zao zinatia moyo: sehemu kubwa ya tofauti za kiafya walizoziona ilielezwa na uzito wa mwili. Basi hatari si ajali isiyoepukika. Nyingine imo katika sahani na chupa ya soda, na sahani hiyo huandaliwa na sisi wenyewe.

Aidha, yapo maradhi yanayojificha nyuma ya dalili hizo hizo: hitilafu ya kurithi ya tezi za adrenali, uvimbe katika tezi hizo, au dawa ya homoni aipakayo mtu mzima ikamgusa mtoto. Mtoto anayerefuka ghafla, anayebadilika sauti ikawa nzito, anayeota matiti au kutoka damu mapema, apelekwe kwa daktari bila ya kuchelewa. Kipimo cha damu na picha ya eksirei ya mkono, inayoonyesha umri wa mifupa, huweza kuutenga ugonjwa na hali isiyo ugonjwa. Ikionekana kuwa ni adrenaki tu, kwa kawaida mtoto hahitaji dawa. Anahitaji kuangaliwa, kula vyema, kukimbia na kucheza.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi waitunze kadi ya kliniki, wala wasiitupe mtoto atimizapo miaka mitano, maana uzito wa kuzaliwa ulioandikwa humo ni ushahidi wa maisha yote. Tunawaomba walimu wamsitiri mtoto wa namna hii asichekwe na wenziwe. Tunawaomba makungwi na mabalozi wa mashina wakatae kumwita mwari asiye mwari. Na wenye dhamana ya afya wahakikishe kwamba muuguzi wa zahanati anajua lini atulize wazazi na lini aandike barua ya rufaa.

Mwili wa mtoto ukitangulia hatua moja, watu wazima tusiusukume hatua ya pili. Tumshike mkono, aupitie utoto wake wote.