Fungate Korongoni: Bibi Harusi, Maji ya Mlima na Mkono wa Muongozaji



Kila msimu wa harusi ukikaribia tunaulizwa kuhusu hina, wanda na rangi ya kanga. Siku hizi limeongezeka swali jengine: bwana harusi anataka fungate ya kupanda milima na kushuka makorongo, je, bibi harusi akubali? Maana mabwana nao wameona picha mitandaoni. Watu wamevaa kofia ngumu, wamefungwa kamba kiunoni, wanateremka kwenye maporomoko ya maji, wanachupa kidimbwini, wanaogelea, wanateremka tena mpaka korongo liishe. Kisiwa cha Réunion, humu humu katika Bahari ya Hindi, kinajulikana sana kwa mchezo huu. Oman, ambako wengi wetu tuna mashangazi na binamu, kuna Wadi Shab: unavuka kwa kijiboti, unatembea juu ya mawe baina ya kuta za mlima, halafu unaogelea dimbwi baada ya dimbwi mpaka kwenye pango lenye maporomoko ndani yake.

Jawabu letu ni akubali. Lakini ana masharti ya kutoa, na masharti hayo ayatoe kabla ya nauli kulipwa.

Tumeanza kulifikiria jambo hili vizuri zaidi tangu tulipokwenda bara kumsindikiza mwenzetu aliyeolewa Dumila, mkoani Morogoro. Dumila ni njia panda: barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inapita hapo, na nyengine inachepuka kwenda Kilosa na kuendelea hadi Mikumi. Tulipomaliza walima tukaomba likizo ya siku chache, tukashuka Mikumi na kuelekea kusini mpaka Mang'ula, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Ni msitu mkubwa, kilomita za mraba 1,990, uliofanywa hifadhi mwaka 1992, na ndani yake hakuna barabara za kuzungukia kwa gari. Ni miguu yako tu, na muongozaji mbele yako. Tulipanda maporomoko ya Sanje, yanayoanguka kama mita 170 kwa awamu tatu, na juu kule kuna vidimbwi vya kuogelea. Hapakuwa na kamba. Palikuwa na ngazi za udongo, mizizi, mawe yenye utelezi na maji ya baridi yaliyotutoa ukelele. Kwa wanawake sita waliozoea mchanga wa Unguja, ilitosha kabisa kwa mara ya kwanza. (Tuliwaona na kima wa Sanje, ambao wataalamu hawakuwajua mpaka mwaka 1979. Wenyeji waliwajua siku zote, bila shaka.)

Sasa, kuna watakaosema si adabu. Mwanamke wa Kiislamu, tena biharusi mwenye hina mbichi, anatafuta nini kwenye majabali? Tunawaheshimu wakubwa zetu, lakini hili hatukubaliani nalo. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena na Mtume akamshinda yeye, na wakataniana kwa hilo. Mume na mke, safarini, wanakimbia na kucheka. Sisi hatuoni mfano bora wa fungate kuliko huo, na hatuelewi kwa nini fungate zetu zimekuwa kukaa hotelini tukipiga picha za sinia la matunda linaloelea kwenye bwawa.

Tena sisi watu wa visiwani tuna jambo letu na maji. Tumezungukwa na bahari pande zote, na wanawake wengi hatujui kuogelea. Septemba 10, 2011 ilizama Spice Islander ikielekea Pemba. Julai 18, 2012 ikazama Skagit ikitoka Dar es Salaam. Hakuna familia hapa isiyokuwa na mtu wa kumtaja. Baada ya misiba ile, kujifunza kuogelea si anasa wala uzungu. Kule Nungwi, Mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuelea, kuogelea na kuokoa mtu, wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima. Masharti yetu ya kwanza kwa bibi harusi yanaanzia hapo: kama huwezi kuelea dakika mbili kwenye maji yanayokupita kimo, usichupe kwenye kidimbwi cha mtu. Tembea, kaa kwenye jiwe, chovya miguu, mwambie mume akuvalishe boya kabla hujaingia. Na akisema "mbona unaogopa, niko mimi," muulize yeye anajua kuogelea wapi.

Kuna jambo jengine ambalo sisi wa pwani hatulijui, na hili ndilo lililotufanya tuandike. Bahari ina ratiba. Bibi zetu wanajua kwa kuangalia mwezi kama leo maji yamekupwa au ni bamvua, na mwani wanakwenda kuulima kwa saa hizo. Mto wa mlimani hauna ratiba hiyo. Mvua inanyesha mbali, usikokuona wala kukusikia, na maji yanakukuta wewe uliko, jua likiwaka juu ya kichwa chako. Watu wa Dumila hawahitaji kuelezwa. Januari 2014 maji yaliyoteremka kutoka nyanda za juu yalivunja daraja la barabara kuu eneo la Magole na Dumila, barabara ya Morogoro na Dodoma ikakatika na nyumba zikajaa matope. Kilosa nayo ilifurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ukang'oa reli. Wenyeji wetu walitusimulia hayo huku tunakunywa chai, kama watu wanavyosimulia jirani mkorofi.

Sasa fikiria maji ya namna hiyo ndani ya korongo, ambamo upana ni wa mikono miwili na kuta ni ndefu kuliko nyumba. Kule Kenya, kwenye korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Aprili 2012 vijana saba wa kanisa walisombwa na maji ya ghafla wakiwa matembezini. Septemba 2019 watu saba wengine walifariki hapo hapo kwa namna hiyo hiyo, na mmoja wao alikuwa muongozaji wao. Oman, Aprili 2024, mafuriko ya mabonde yaliua watu wakiwemo watoto wa skuli. Kwa hiyo kuwa na muongozaji pekee hakutoshi. Lazima awe muongozaji anayekubali kusema "leo haiwezekani" na kukurudishia pesa yako au kukupangia siku nyengine.

Tumewahi kukutana na wa aina ya pili. Si Udzungwa, ni kwengine, na jina hatulitaji. Tulimuuliza muuzaji wa safari, juzi mvua imenyesha mlimani, mto ukoje? Akajibu, "Tumtegemee Mungu, dada." Tukashukuru, tukaondoka. Kumtegemea Mungu tumefundishwa, na katika mafundisho hayo hayo ngamia hufungwa kwanza. Mtu anayelitumia jina la Allah kufunika uvivu wa kuangalia hali ya hewa asipewe hata shilingi.

Na hapa bibi harusi awe macho na kalenda. Harusi zetu nyingi hufungwa Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani. Miaka hii ya 2025 na 2026 Idd el Fitri imeangukia Machi. Mfunguo Mosi umeingia kwenye masika! Mama zetu waliofanya fungate za Mfunguo Mosi wakati wa kiangazi hawakuwa na tatizo hili, na ndiyo maana hakuna aliyetuonya. Kama fungate yako ni Aprili, nenda Mikumi ukaone tembo ukiwa ndani ya gari. Korongo lisubiri Juni mpaka Septemba, litakuwepo.

Tuje kwenye haya na mavazi, maana najua ndiyo mliyokuwa mnayasubiri.

Dera na abaya si nguo za mtoni. Pamba ikilowa inakuwa nzito, inaganda mwilini na kuonesha kila kitu, halafu inakunasa miguu. Vaa nguo ya kuogelea ya kufunika mwili yenye blauzi ndefu na suruali, juu yake shati pana la kitambaa chepesi kinachokauka upesi. Mtandio usiwe na pini hata moja. Vaa ule wa kuvuta kichwani, na kofia ngumu ikae juu yake bila kuteleza. Miguuni raba zenye meno, si ndala. Begi la mume libebe kanga mbili kavu: moja ya kukuzungushia ukitoka majini, ya pili ya kusalia. Kwenye safari za kamba, ule mkanda unaofungwa mapajani unabana nguo na kuchora umbo. Hilo halikwepeki, basi chagua siku na kundi ambalo mko wenyewe, au wanawake watupu.

Ama mkono wa muongozaji. Karibu kila mahali ni mwanamume na si mahramu wako. Mkanda akufunge mumeo au mwanamke mwenzako, yeye muongozaji asimame akiangalia na aukague kwa macho mpaka aridhike. Hilo linawezekana na waongozaji wenye adabu hulikubali bila maneno. Lakini ikiwa umeteleza, au maji yanakuvuta, au umesimama kwenye jiwe ambalo mume mwenyewe ameshindwa kulivuka, shika mkono ulionyooshwa. Fiqhi yetu inaijua dharura na kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia. Tumeona mwanamke akiukataa mkono wa muongozaji kwenye mteremko, akakaa chini na kuteleza kwa makalio huku akilia, kwa sababu mumewe alikuwa akimtazama kwa jicho kali. Mumewe alikuwa na wivu, sawa. Wivu una mahali pake. Pale hapakuwa mahali pake. Zungumzeni jambo hili chumbani, kabla ya safari, ili kwenye jiwe pasiwe na mashauri.

Upande wa pili wa sarafu upo pia: mume anayetaka mke achupe ili amrekodi. Bibi harusi, siku yako ya tano ya ndoa huna deni la kuthibitisha ushujaa kwa mtu. Kama umechelewa siku zako hata kidogo, usikubali kamba wala kuchupa, na huna haja ya kumtangazia kundi zima sababu. Somo yako angekwambia hivyo, na kama hakukwambia ni kwa kuwa zama zake fungate ilikuwa ndani.

Sala ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Njiani unapunguza na unachanganya Adhuhuri na Alasiri, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbizana na jua mtoni. Ila ukinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili au zaidi, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, kwa madhehebu yetu ya Shafi rukhsa hiyo inaondoka. Fungate ya siku saba kwenye hoteli moja ni sala kamili. Udhu kwenye maji yale ya mlima ni raha isiyo na mfano. Kibla huko, kama huku kwetu, ni kaskazini. Sisi tulisali kwa zamu juu ya bapa la mwamba, tatu zinasali na tatu zinalinda mabegi yasiibiwe na kima.

Lililobaki si la bibi harusi. Ni la wanaouza safari. Matangazo ya "fungate ya halali" yamejaa: chakula halali, bwawa la faragha, msala chumbani. Hatujaona hata moja linalosema lina muongozaji mwanamke. Wasichana wa Morogoro wanayajua milima yao tangu wakiteka maji. Kule Nungwi walianza kwa kuwafundisha wanawake wachache, wao nao wakawafundisha wenzao, na leo mzazi anampeleka binti yake baharini bila wasiwasi kwa kuwa mwalimu ni mwanamke. Kamba na mkanda havina tofauti. Atakayeanza kuwafundisha waongozaji wanawake wawili tu atupe taarifa. Tunao mabibi harusi kumi na moja wa kiangazi kijacho ambao waume zao wameshakubali, na mmoja ambaye bado anabembelezwa.